Kambi Isiyo na Adabu

Kila mwaka wanafunzi wa shule zetu hufunga shanta zao, wakabeba hema na sufuria, wakaenda kulala nyikani. Wengine huenda kwa jina la Skauti, wengine kwa ajili ya Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa nchini mwaka 1966. Sina ugomvi na safari hizo. Ugomvi wangu ni na viongozi wamfundishao kijana kuishi porini siku tatu, wasimwambie kwamba amelala nyumbani kwa watu.

Sidharau maarifa ya nyika. Apandaye Mlima Kenya hana budi kujua kuwa katika kimo cha mita 4,000 maji huchemka kabla ya kufikia joto la 90, na kwa hiyo maharagwe yake yatakesha motoni. Hana budi kujua kwamba kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, ushujaa ni kushuka, siyo kuendelea. Maarifa haya yameokoa roho za watu. Lakini ni nusu ya somo.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi, tulipiga kambi chini ya mlima huo. Mzee aliyetuonyesha njia alitusihi, "Wanangu, mugumo ule msiukate. Baba zetu waliomba mvua chini yake." Mwalimu wetu alicheka, akajibu, "Mzee, mti ni mti." Tukaukata matawi mbele ya macho yake. Usiku ule tulipata moshi mwingi na moto haba, maana kuni zilikuwa mbichi. Tuliokuja kujifunza kuwasha moto tulikaa tukitokwa na machozi. Mzee hakutulaumu hata kwa neno moja. Aliingia gizani, akarudi na mzigo wa kuni kavu, akautua miguuni petu. Tuliota moto wake kwa aibu ambayo sijaisahau hata leo.

Baadhi ya watu husema kuwa kusikiliza mambo hayo ni ushirikina, na kuwa mtoto wa Kikristo au wa Kiislamu atapotoshwa. Hoja hii ni dhaifu. Mkristo avuaye viatu mlangoni mwa msikiti hakusilimu, na Mwislamu anyamazaye kanisani hakubatizwa. Kila mmoja amemheshimu mwenyeji wake. Katika Kaya Kinondo, huko Kwale, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia msituni, wala haruhusiwi kuchukua kitu. Je, imani yake imepungua kwa kaniki? Makatazo ya wazee wa Mijikenda yaliilinda misitu ile wakati misitu jirani ilipogeuka mashamba, na mwaka 2008 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu wa elimu ya viumbe angefaa kuwashukuru wazee hao badala ya kuwacheka.

Wako na wengine, nao wanaudhi zaidi, wasiopinga mila bali huigeuza mchezo. Jioni huwavika wanafunzi ngozi, wakapiga ngoma wasiyoijua asili yake, wakabuni sala kwa lugha isiyokuwapo, watu wakacheka wakaenda kulala. Heri anyamazaye kabisa.

Tazama mlima wenyewe. Kilele wanachokifikia wanafunzi wengi, cha mita 4,985, kinaitwa Lenana. Kilele kirefu kupita vyote, cha mita 5,199, kinaitwa Batian. Majina hayo aliyatoa Mwingereza Mackinder, aliyefika juu mwaka 1899, na ni ya laiboni wa Kimaasai, viongozi wa ibada na uaguzi. Wakikuyu nao waliomba wakiuelekea mlima huo, wakiuita Kirinyaga. Kijana hupiga picha juu ya Lenana, akashuka, asiulize Lenana alikuwa nani. Ukimuuliza kimo, atakutajia hata mita ya mwisho.

Nadai jambo dogo. Kabla ya hema la kwanza kusimama, aitwe mzee wa mahali pale, aketishwe mbele ya wanafunzi, aulizwe kipi hukatwa na kipi hakikatwi, na kwa nini. Tena alipwe, kama alipwavyo mpishi na mchukuzi. Mzee wetu hakupewa hata senti kwa somo lake. Mpishi alilipwa kabla hatujapanda gari.