Mfupa Haujui Kalenda ya Bosi

Tarehe 28 Juni 2019, akiwa kwenye kiti chake bungeni Dodoma, Spika Job Ndugai alitangaza kwamba jimbo la Singida Mashariki liko wazi. Mbunge wa jimbo hilo, Tundu Lissu, alikuwa Ubelgiji anauguza mguu. Spika alitoa sababu mbili: kukosa vikao bila kumpa taarifa ya maandishi, na kutowasilisha tamko la mali na madeni. Zote zilisimama juu ya Ibara ya 71 ya Katiba. Lissu alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huohuo maombi yake yakatupwa.

Tukumbuke mguu ule ulivunjikia wapi. Mchana wa 7 Septemba 2017 Lissu alitoka kwenye kikao cha asubuhi cha Bunge hilohilo, akafika anapoishi Area D, akamiminiwa risasi akiwa ndani ya gari. Madaktari wa hospitali ya mkoa hapa Dodoma walipigania uhai wake, usiku akasafirishwa kwenda Nairobi, na Januari 2018 akapelekwa Leuven, ambako alipasuliwa tena na tena. Alivunjwa mguu akiwa katikati ya kipindi cha kazi, umbali wa dakika chache kutoka kazini, na nchi nzima ikajua. Kisha kazi ikamwambia: hukuonekana.

Siandiki haya kukipigia debe chama chake, wala kumsuta Ndugai, ambaye sasa ni marehemu. Naandika kwa sababu jambo lililofanyika siku ile bungeni linafanyika kila wiki katika mji huu, kwa watu ambao hakuna gazeti litakaloandika majina yao. Kama mwanasheria, mbunge, mtu mwenye kipaza sauti cha dunia, alishindwa kuulinda mguu wake dhidi ya kalenda, saidia fundi wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ataulinda kwa kitu gani?

Miezi minne kabla ya tangazo lile, Februari 2019, hoja ilikuwa imeshasikika bungeni kwamba mshahara wake usimamishwe. Mantiki ilikuwa kwamba mtu huyu hayuko tena kitandani, anaonekana Ulaya na Marekani akifanya mahojiano, kwa nini aendelee kulipwa? Hoja hiyo naifahamu, na wewe unaifahamu. Ina ndugu zake katika kila ofisi na kila saiti ya ujenzi. "Jana umeonekana soko la Majengo." "Mbona kanisani ulikuja?" "Kwenye msiba ulikaa mpaka jioni." Mtu aliyepasuliwa mguu akitoka nje nusu saa kupunga upepo, tayari ni shahidi dhidi ya nafsi yake. Hakuna anayeuliza aliporudi nyumbani alilala saa ngapi mguu ukiwa juu ya mito, umevimba, ngozi inang'aa.

Chuma kinachowekwa kwenye mguu uliovunjika hakiponyeshi mfupa. Kinaushikilia tu ili usicheze, mfupa wenyewe ndio unaojiunga, kwa mwendo wake. Ugoko uliovunjika huhitaji miezi minne hadi sita kwa kawaida, na kama mfupa ulitoka nje ya ngozi, au kidonda kikaingia usaha, ongeza. Waliofungwa antena, zile nondo zinazochomoza nje ya mguu, wanajua maana ya kuhesabu miezi. Kuna mifupa inayokataa kuunga kabisa, na mwenye mguu anarudishwa chumba cha upasuaji kabla mwaka haujaisha.

Sasa tazama sheria. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata analipwa nusu. Piga hesabu. Siku 63 ni wiki tisa. Wiki ya kumi, wakati ugoko uko nusu ya safari yake, mshahara unakatwa katikati. Kodi ya nyumba Nkuhungu haikatwi nusu. Ada haikatwi nusu. Anayerudi kazini wiki ya kumi amerudishwa na nusu mshahara, na picha ya eksirei inabaki ndani ya bahasha bila kuulizwa maoni yake. Akipasuliwa mara ya pili ndani ya mzunguko uleule kwa kuwa mfupa haukuunga, siku zake za mshahara kamili ameshazila. Asiyefikisha miezi sita ya utumishi ndiye hana kabisa likizo hiyo ya malipo, na kibarua wa zege lini aliruhusiwa kufikisha miezi sita?

Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, na kwa aliyeumia kutokana na kazi ni msaada wa kweli. Lakini kwa vitendo mfuko huo humfikia kwa urahisi aliyeandikishwa na mwajiri anayechangia. Aliyeangushwa na bodaboda Jumapili akitoka kumwona mama yake Chamwino hayumo. Kibarua anayelipwa mkononi kila jioni, ambaye jina lake halipo kwenye karatasi yoyote, atatumwa kuleta barua ya mwajiri, na mwajiri atasema simfahamu.

Njoo Mtumba tuone kurudi kazini kunafananaje. Kutoka mjini ni kilomita zipatazo 17. Daladala ina ngazi ya juu na konda ana haraka. Ukishuka, gongo linazama kwenye changarawe na mchanga, na upepo wa kiangazi wa Dodoma hauna huruma na mtu mwenye mguu mmoja wa kutegemea. Karani anapanda ghorofa, pengine hakuna lifti, pengine ipo na imeharibika. Ikifika saa tano mguu umejaa, anavua kiatu chini ya meza na kukificha kwa mkoba. Choo ni cha kuchuchumaa, na goti lenye chuma haliwezi kuchuchumaa. Basi anafanya uamuzi ambao hakuna kanuni ya utumishi inayouona: hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani, katika joto kavu la mji huu. Midomo imepasuka, kichwa kinamgonga, na daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba amefika kazini.

Huyo bado ana bahati, ana meza. Saidia fundi anayebeba karai la zege haambiwi hata pole. Msimamizi anamtazama mguu, anasema ukipona njoo, usipopona wapo wengine getini. Dereva wa bodaboda ya mkataba naye, mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku. Wapo wanaoendesha na gongo limefungwa kwa mpira nyuma ya siti, mguu wa breki haujui kukanyaga vizuri, na abiria amepanda juu ya hatari hiyo. Mkulima wa uwele wa Bahi akivunjika Desemba amepoteza mwaka mzima, kwa sababu kwetu mvua ni msimu mmoja, na mvua hazimsubiri mtu.

Nasikia waajiri wakisema wapo wanaojifanya wagonjwa. Wapo, ndiyo. Lakini aliyewekewa chuma hajifichi, chuma kinaonekana kwenye picha. Muulizeni daktari. Tatizo ni kwamba hata karatasi tunayompa daktari ni bubu. ED, ile karatasi ya kumruhusu mgonjwa asiende kazini, inasema mtu apumzike siku saba, siku kumi na nne, basi. Zikiisha, mgonjwa anajikongoja tena hadi hospitali, anapanga foleni kwa magongo ili aandikiwe nyingine. Ikiandikwa "kazi nyepesi", hakuna anayejua kazi nyepesi ni ipi. Karatasi hiyo iseme mtu huyu anaweza kukaa saa ngapi, asibebe kilo ngapi, apandishe ngazi au asipandishe, mguu uinuliwe kila baada ya muda gani. Mtaalamu wa viungo anayajua hayo yote, tena ndiye anayesisitiza mgonjwa asilale tu, mguu uamshwe, mwili urudi taratibu kwenye shughuli. Sidai watu wafungiwe ndani miezi sita. Wengi wangerudi mapema zaidi kuliko sasa, na kwa moyo, kama kazi ingekubali kubadilika kidogo: meza ihamishiwe chini, siku mbili kwa wiki atumie kompyuta nyumbani, fundi asiyeweza kupanda jukwaa apewe stoo ya vifaa kwa miezi mitatu.

Na hili wala si ombi la huruma. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute njia mbadala kabla ya kumwachisha kazi mtu aliyeumia, na kama aliumia kazini, wajibu huo unakuwa mzito zaidi. Ni wafanyakazi wangapi wa saiti za Dodoma wamewahi kusomewa kanuni hizo? Vyama vya wafanyakazi vinavyokata ada kila mwezi vinasubiri nini kuzibandika getini?

Lissu alitua Dar es Salaam tarehe 27 Julai 2020 akitembea, kwa kuchechemea, na miezi iliyofuata alizunguka nchi akigombea urais. Mguu ambao mwaka 2019 ulihesabiwa kuwa utoro, mwaka 2020 ulipanda majukwaa kutoka mkoa hadi mkoa. Haukuwa umekataa kazi. Ulikuwa haujapona.

Wabunge, mnaweza kulibadilisha hili, na mmeshaonyesha kwamba mnajua namna. Mwanzoni mwa 2025 mlirekebisha sheria za kazi ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo, kwa kuwa mtoto yule ana wiki zake za kukua na hazipungui kwa amri ya mwajiri. Mlikubali sheria ifuate mwili. Fanyeni hivyo kwa mfupa: kifungu cha 32 kimpe aliyepasuliwa mguu mshahara kamili mpaka daktari aridhike na picha, siku za upasuaji wa marudio zisikatwe kwenye mzunguko uleule, kibarua aingie kwenye hesabu tangu siku yake ya kwanza ya kubeba karai. Kisha fungueni Ibara ya 71 muandike wazi kwamba mbunge aliye chini ya matibabu, kwa cheti cha daktari, hahesabiwi kuwa amekosa kikao. Kesho anaweza kuwa yeyote kati yenu, wa chama chochote.