Kiko cha Gunzi Si cha Kutupwa

Mwandishi aliyedai kwamba kumlipa fundi akuboreshee kiko cha gunzi ni kutupa pesa, eti kwa sababu gunzi ni taka za shambani, hajui gunzi hilo linatoka wapi. Haliokotwi jaani. Mjini Washington, jimbo la Missouri, Marekani, ambako mkereza mbao Henry Tibbe, mhamiaji kutoka Uholanzi, alianza kutengeneza viko hivi mwaka 1869, hutumiwa mahindi maalumu yenye magunzi manene na magumu. Magunzi hayo hukaushwa kwa takriban miaka miwili. Vitundu vya nje huzibwa kwa plasta, kisha hupigwa msasa. Tibbe alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1878.

Sasa mtazame fundi anayeboresha kiko hicho kwa oda. Anang'oa shingo ya kiwandani, ambayo mara nyingi ncha yake huchomoza ndani ya bakuli na kuungua. Anaweka ya mti mgumu au mwanzi, halafu anachonga mdomo wa eboniti, yaani mpira mgumu, kwa tupa, taratibu, mpaka meno yaushike bila kuchoka. Je, hiyo ni kazi ya ovyo?

Madhara ya tumbaku siyapingi hata kidogo. Ninachopinga ni kudharau ufundi kwa sababu ya bei ya malighafi. Bakuli likiungua, mwenye kiko hununua gunzi jipya kwa bei ndogo, akalipachika kwenye shingo na mdomo uleule. Anayetupa ni nani hapo?