Kwizi yako isimdanganye mtu: jifunze jenereta

Wacha nianze na aibu yangu. Nilimtengenezea mdogo wangu kwizi ya Bio ya kuchezea kwenye simu. Yuko Form Three na hilo somo limemsumbua tangu aingie shule ya upili. Maswali kumi. Ukikosa, unapewa dokezo na nafasi ya pili. Nafasi ya pili haina alama, ni ya kujifunza tu. Manze, nilijiona fundi!

Akacheza. Akapata 4. Akaweka simu mezani polepole, akasema, "Si nilikuambia mimi na Bio hatupatani?" Akaenda kulala.

Shida ni kwamba alikuwa amepata 7.

Nilikaa na ile programu hadi usiku wa manane ndio nikaona. Nilikuwa na kigeu kimoja cha kukumbuka kwamba mtu yuko kwenye nafasi ya pili. Kinawaka ukikosa, kinazima ukipatia. Lakini ukikosa mara mbili, nilisahau kukizima. Kwa hivyo swali linalofuata, hata ulijibu sawa, linahesabiwa kama nafasi ya pili. Sufuri. Alikosa matatu, na kila kosa likameza jibu moja sahihi lililofuata. Kosa ni langu, lakini aliyejiita mjinga ni yeye.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia jenereta. Si ile ya kuwashwa stima ikipotea. Ni funksheni ya JavaScript inayoweza kusimama katikati, ikangoja, kisha ikaendelea pale pale ilipoachia. Imekuwa kwenye lugha rasmi tangu 2015, na brauza za kisasa zote zinaielewa. Huhitaji kupakua kitu chochote, hata bando haiguswi.

Ona:

function* kwizi(maswali) {
  let alama = 0;
  for (const swali of maswali) {
    const jibu = yield swali.maneno;
    if (jibu === swali.sahihi) {
      alama++;
    } else {
      yield swali.dokezo;
    }
  }
  return alama;
}

Isome tu kama hadithi. Uliza swali, ngoja. Akipatia, ongeza alama. Akikosa, toa dokezo, ngoja tena, kisha songa mbele. Ile nyota inasema hii ni jenereta. Neno yield linamaanisha "toa hiki nje, halafu simama." Mtu akibonyeza kitufe, unaita next na jibu lake ndani, na jibu linatokea pale yield ilikuwa imesimama. Ile next ya kwanza ni ya kuwasha tu, haibebi jibu. Maswali yakiisha, unapata done ikiwa true pamoja na alama zake.

Umeona kile kigeu changu cha balaa? Hakipo. Mahali programu imesimama ndipo kumbukumbu yenyewe. Huwezi kusahau kuzima kitu ambacho hukuwasha.

Najua kuna msee atasema, "Buda, si utumie tu orodha na namba ya swali?" Sawa, kama kwizi yako ni maswali yaliyonyooka, orodha inatosha kabisa. Tena jenereta hairudi nyuma, kwa hivyo ukitaka kitufe cha kurudi swali lililopita, itakusumbua. Ukurasa ukifunguliwa upya, inapotea. Mimi huhifadhi majibu kwenye localStorage, kisha naanzisha jenereta mpya na kuilisha yale majibu moja moja hadi ifike pale mtu aliachia. Na mtu akibonyeza mara mbili haraka haraka, jibu la pili litaenda kwa swali lisilo lake, so bado lazima ufunge kitufe. Si uchawi.

Lakini msimamo wangu ni huu: sisi tunaojifunza programu tunakimbilia fremuweki kubwa kubwa kabla hatujajua lugha yenyewe ina nini. Tunaruka ile nyota kwa sababu inakaa ngumu. Halafu tunaunda vitu vya kupima watu, na vile vinatoa alama, watu wanaviamini. Mtoto akiona 4 kwenye skrini hafikirii kwamba huenda aliyeandika amekosea. Anafikiri ni yeye.

Asubuhi nilimwambia mdogo wangu ukweli. Aliniangalia, akauliza, "Kwa hivyo nilipata saba?" Saba. Hakusema kingine. Jioni nilimkuta ameshika simu, anarudia lile swali la osmosis.

Kama umewahi kutengeneza kwizi, leo ifungue, kosa makusudi mara mbili, kisha jibu sawa swali linalofuata. Hesabu alama kwa mkono. Uniambie umepata ngapi.