Mpiga ramli, mgeni wa ajabu na jina la Sumbawanga

Mganga wa kike mwenye sura ya kuvutia, mgeni asiyejulikana alikotoka, mapenzi yanakolea: tamthilia ya hivyo lazima ipate watazamaji. Na mwandishi akitaka kutisha zaidi, mganga anatokea Sumbawanga. Wenyeji wameshachoka na utani huo. Kumbe jina lenyewe, kwa Kifipa, huelezwa kuwa ni "tupa uchawi", yaani mambo yako yaache huko huko nje. Kinyume kabisa.

Mapenzi hayana shida. Shida ni ramli. Kwenye runinga mpiga ramli anamtaja mbaya, kipindi kinaisha. Mtaani akimtaja bibi mwenye macho mekundu (ya moshi wa kuni tu), bibi anauawa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na bado Januari 2015 serikali ililazimika kupiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino.

Anayetaka mgeni wa ajabu asihangaike, simulizi za Ufipa zinao: wanawake wa Kitwachi waliofika Milansi mfalme akiwa mawindoni, wakakalia kigoda chake. Aliporudi, akabaki na Milansi. Nchi nyingine yote ikawa yao.