Nzige Wakabiliwe Wangali Ardhini

Serikali za Afrika Mashariki zina hatia ya kuchelewa. Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini-mashariki mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, hawakuzuka tu. Vimbunga Mekunu na Luban, Mei na Oktoba 2018, vilikuwa vimemwaga maji katika jangwa la Rub' al Khali huko Uarabuni, na huko mchangani, mbali na macho ya watu, nzige wakazaana vizazi vitatu mfululizo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hukadiria kwamba mazingira yakiwa mazuri idadi yao huongezeka mara 20 kila miezi mitatu. Baada ya miezi tisa wameongezeka mara 8,000. Muda wa kujiandaa ulikuwapo. Walipotua, ndege hazikutosha, dawa haikutosha, na wakulima wakabaki kupiga madebe na makopo kuyaokoa mashamba yao.

Kosa lililofuata, la kutowakabili wadudu hawa wangali ardhini, ni zito zaidi, kwa sababu lilitendeka nzige wakiwa wameshaonekana.

Jike hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, sentimita kadhaa chini. Kuanzia hapo anayeamua mambo ni joto la ardhi. Likiwa nyuzi 32 hadi 35, mayai huanguliwa ndani ya wiki mbili hivi. Ardhi ikiwa na baridi, mayai yayo hayo huweza kukaa hata siku 65. Tunutu anayetoka humo hana mbawa. Hujivua ngozi mara tano hivi hadi azipate, na safari hiyo humchukua takriban siku 24 penye joto, ama hadi 95 penye baridi. Hata mwenye mbawa haruki asubuhi kabla jua halijampasha mwili, na akikosa mvua na joto huweza kumaliza miezi mingi bila kukomaa wala kutaga. Ni kweli kwamba joto peke yake halimsaidii: mchanga mkavu huua mayai, na joto la kupindukia huyaua vilevile. Lakini mvua kubwa za mwisho wa 2019 zilikuwa zimeilowesha Isiolo, Samburu, Marsabit na Turkana, na huko jua halikosekani.

Matokeo yakaja kama yalivyotarajiwa. Walioingia Desemba walitaga Januari. Februari tunutu walikuwa wakianguliwa. Kufikia mwisho wa Machi na Aprili makundi mapya yalikuwa yameanza kuruka, mkulima ndiyo kwanza anapanda kwa mvua ndefu. Kundi linalofunika kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Februari hiyohiyo nzige walikuwa wamefika Karamoja nchini Uganda, ambako wanajeshi walitumwa kupambana nao, kisha wakavuka hadi Ituri nchini Kongo, nchi ambayo haikuwa imewaona tangu 1944.

Tunajua utetezi. Sehemu za Somalia hazikufikika kwa sababu ya vita, na janga la korona lilichelewesha shehena za dawa. Tunakubali yote mawili. Hakuna hata moja kati yake linaloeleza kwa nini kaunti za wafugaji, zilizojua mayai yametagwa wapi, hazikuwa na watu wa kutosha wenye vipimajoto vya udongo, pampu za mgongoni na posho ya kazi.

Tunutu hutembea kwa miguu, wamesongamana, na huweza kunyunyiziwa dawa palepale walipo. Ndipo pia kuvu wa Metarhizium anapofaa. Huyu hushambulia jamii ya nzige na panzi, na haangamizi nyuki wa mfugaji wala kumdhuru mbuzi wake. Tanzania iliwahi kumtumia dhidi ya nzige wekundu mwaka 2009. Hata hapa joto lina neno lake: nzige aliyeambukizwa huota jua kwa makusudi hadi mwili wake upate moto wa kumzuia kuvu asikue, na hivyo huchelewa kufa. Dawa inayohitaji wiki moja hadi tatu haimfai mtu ambaye nzige wameshatua katika mahindi yake. Inafaa wiki ileile mayai yanapoanguliwa, na wiki hiyo hujulikana mapema kwa anayepima.

Kwa hiyo tunadai mambo mahususi. Fedha za nzige ziwekwe katika bajeti ya kila mwaka, hata mwaka usio na nzige. Wafugaji walipwe kutoa taarifa, maana wao ndio wa kwanza kuona majani mabichi na wadudu. Vipimo vya joto na unyevu wa udongo vifike kwa maafisa wa kilimo wa kaunti na wilaya kila wiki wakati wa mvua, pamoja na mamlaka ya kuanza kunyunyiza bila kusubiri kibali cha mji mkuu. Serikali itakayongoja nzige waote mbawa itakuwa imeichagua hasara hiyo yenyewe, na mkulima atakuwa na haki ya kuidai fidia.