Sindano ya miezi 18 na mtoto asiyesema

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka wa 2007 ili ulimwengu ufahamishwe kuhusu usonji, hotuba husomwa na fulana za buluu huvaliwa. Sina ugomvi na fulana. Lakini hapa Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, watoto wenye usonji ninaoletewa huwa wametimu miaka sita au saba, baada ya mwalimu kukataa kuwapokea, ilhali dalili zilikuwa wazi kabla hawajafika miaka miwili. Je, miaka hiyo minne au mitano ilipotelea wapi?

Si kwamba mtoto huyo hakuonekana. Mtoto wa Kenya hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi tisa, na akifika miezi 18 hurudi kwa sindano ya pili ya surua na rubela. Kila safari mama hubeba kile Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho mbali na jedwali la chanjo na mchoro wa uzito kina sehemu ya hatua za ukuaji: umri ambao mtoto hutarajiwa kuketi, kutembea na kusema. Katika vijitabu ninavyoonyeshwa, jedwali la chanjo limejaa tarehe na sahihi, na sehemu ya hatua za ukuaji mara nyingi ni nyeupe kama ilivyotoka kwa mpiga chapa. Simlaumu muuguzi. Foleni ni ndefu, naye wakubwa wake humdai hesabu ya sindano, si hesabu ya watoto walioulizwa kama wanasema.

Maswali yenyewe hayahitaji mashine wala daktari bingwa. Je, mtoto akiitwa jina lake hugeuka? Huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, au ndege anayepita? Humtazama mamake usoni na kumwiga? Ana maneno, hata mawili matatu? Alikuwa nayo kisha yakapotea? Hili la mwisho wazazi hulisahau wasipoulizwa, na mimi hulipa uzito kuliko yote. Mtoto akikosa katika mengi ya hayo, haina maana kwamba ana usonji. Kwanza apimwe masikio, maana kiziwi naye haitiki. Kuna pia kifafa, na kuna ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa au kwa malaria kali. Kila moja ina njia yake, lakini hakuna hata moja inayofaidika kwa kungoja.

Umri huu wa miezi 18 umeleta uvumi pia. Kwa kuwa wazazi wengi hugundua kimya cha mtoto karibu na wakati wa chanjo, sindano husingiziwa. Chanzo kikubwa cha uvumi huo ni makala ya mwaka wa 1998 ya daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika kuhusu watoto 12 katika jarida la The Lancet. Mwaka wa 2010 jarida lenyewe liliifuta makala hiyo, na mwaka uo huo Wakefield akanyang'anywa kibali cha udaktari Uingereza. Mama anayekwepa sindano hiyo humwacha mwanawe wazi kwa surua, ambayo ingali inaua, na hupoteza nafasi ya kuulizwa maswali niliyoyataja.

Wasiosingizia sindano humsingizia mama. Huambiwa ni laana, ni uchawi, ni mwenendo wake. Wasomi wasituchekelee: katikati ya karne iliyopita walikuwako wataalamu Marekani waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, wakaandika vitabu. Wengine, hasa akina nyanya, hufariji: "Hata babake alichelewa kusema." Pengine ni kweli. Lakini faraja hiyo hula mwaka mzima, kisha mwingine, huku mama anayechuma majani chai kwa kulipwa kwa kilo akimfungia mtoto nyumbani kwa kukosa wa kumwachia. Nimekoma kuliita jambo hilo ukatili.

Sheria tunazo. Kulikuwa na ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kisha kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, na Mei 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kinachomshinda mama wa Kebirigo ni milango. Ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hupimwa hospitalini. Ili apangiwe shule, hupimwa tena na kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu. Ofisi mbili, nauli mara mbili au zaidi, na kila siku ya safari ni siku isiyo na kilo.

Watu husema Nairobi ndiyo yenye lawama. Sikubali. Katiba iliipa kaunti mambo mawili kwa pamoja: vituo vya afya na chekechea. Tangu kuzaliwa hadi anapokaribia gredi ya kwanza, mtoto huyu yumo mikononi mwa serikali moja, ile ile iliyoko Nyamira. Basi na iamuru kwamba sindano ya miezi 18 isihesabiwe kamili kabla sehemu ya hatua za ukuaji kujazwa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ya kitaifa iliwatuma nyumba kwa nyumba kwa mikoba yao Septemba 2023, wawatafute wasiorudi. Na wapimaji wa hospitali na wa elimu wakae meza moja, siku moja ya mwezi inayojulikana, sokoni Kebirigo na masoko mengine. Gharama yake ni gari moja na mafuta.

Kabla hayo hayajafanyika, mzazi ambaye mtoto wake amefika miezi 18 amwombe muuguzi afungue sehemu hiyo wajaze pamoja. Akiambiwa asubiri, aulize hadi lini, na tarehe iandikwe kijitabuni.