Moshi wa Mkubwa

Ndugu wanachama, twavuka mara nyingi kwa mashua kati ya Nyamisati na Kilindoni, na jambo hili sote twalijua. Baharia kijana akiwasha sigara, twamkemea. Akiwasha mkubwa wetu wa kazi, twageuza nyuso, kana kwamba twahesabu mawimbi. Safari moja mama mwenye mtoto wa pumu alimfunika mwanawe kwa upindo wa kanga, asiseme neno. Nasi makarani tulinyamaza. Tulipofika ofisini tulimwonya tarishi kwa kosa lile lile!

Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na makarani ndio wabandikao matangazo ukutani. Je, yamhusu tarishi peke yake?

Wengine husema kumwambia mkubwa ni utovu wa adabu. Hatukubali. Mzee huyo huyo hungoja magharibi mwezi wote wa Ramadhani, na safari hii ni fupi kuliko mchana mmoja wa saumu. Aambiwe kwa upole: “Shikamoo mzee, twaomba usubiri mpaka gatini, kuna mtoto.” Tulijaribu mara mbili. Wa kwanza aliizima akaomba radhi. Wa pili alinuna mpaka Kilindoni, lakini hakuiwasha tena.